Mchumba wangu amejitangaza mbunifu wa kibodi niliyoipanga mimi

Habari admin. Naomba unifichie jina, wateja wangu wengi wanafuatilia ukurasa huu. Mimi ni dada wa miaka thelathini na moja, Mluguru, nachapa kazi za wanafunzi kwenye steshenari moja huku Mazimbu, Morogoro. Barua ya posa imeshajibiwa, ndoa ni mwezi ujao.

Miaka mitatu iliyopita nilipata ajali ya bodaboda nikitoka Mgeta kumsalimia mama. Nilikatwa vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha mwisho na cha pete. Kwa mchapaji huo ni msiba. Herufi A inabonyezwa na kidole hicho cha mwisho, na Kiswahili bila A humalizi hata mstari. Bosi alinivumilia, lakini nilikuwa najifungia chooni nalia.

Mchumba wangu, nimwite Deo, ni fundi kompyuta. Alinitafutia kibodi ambayo kila batani unaipangia herufi unayotaka, akanionyesha programu yake, akaniachia. Hilo silikatai, nilimshukuru sana. Ila kupanga nilipanga mimi. Miezi minane nahesabu herufi kwa penseli kwenye kazi za watu. A nikaihamishia kidole cha shahada cha kulia, I na U jirani yake, ng' nikaipa batani yake peke yake. Nilikosea, nikafuta, nikapanga upya. Leo nachapa haraka kuliko kabla ya ajali.

Wiki mbili zilizopita mwanafunzi aliyeleta ripoti akaniuliza, "Dada, hii si ile kibodi ya kwenye maonesho?" Akanionyesha video. Deo yuko jukwaani Dodoma, mimi aliniaga anakwenda kufunga kompyuta za ofisi fulani. Kavaa shati nililompigia pasi. Anaeleza alivyohangaika kubuni mpangilio wa herufi kwa ajili ya Kiswahili, ili amsaidie "dada mmoja mlemavu aliyekuwa hajiwezi". Dada mmoja. Nyuma yake ukutani wameweka picha ya mkono wangu ukiwa juu ya kibodi yangu, watu wanapiga makofi.

Nilipomuuliza hakukataa. Alisema mimi na yeye ni kitu kimoja, akipanda yeye nimepanda na mimi. Nikamuuliza basi mbona hukunitaja hata jina.

"Nani angeamini mchapaji wa steshenari kabuni kitu kama kile?" akasema.

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu ananihurumia. Hapo ndipo paliponiuma.

Mama anasema nisivunje ndoa kwa ajili ya batani, nimshukuru Mungu kwa mwanaume aliyenikubali na mkono huu. Sasa Jumatatu wageni waliomwona kule Dodoma wanakuja Morogoro kuona kibodi inavyofanya kazi. Deo kwa mpangilio ule hawezi kuchapa hata sentensi moja. Anataka nikachape mimi mbele yao, kisha niseme maneno aliyoyaandaa. Jana alinisomea, nikamchapia mwenyewe kwa vidole vyangu vinane: "Nilikuwa sina maana tena, mpaka kaka huyu aliponionea huruma."

Karatasi iko kwenye pochi yangu. Nikisema ukweli mbele ya wageni, ndoa hakuna, na mama atalia. Nikiisoma, nitalala vipi kitanda kimoja na mtu huyu? Msinitukane jamani, nimechoka. Ungekuwa wewe, Jumatatu ungesema nini?