Nyungu ya Mama Mdogo

Harufu ya mtama uliosagwa sasa hivi, unga bado una joto la mashine, ikichanganyika na ya mazuti, yaani dizeli, hunirudisha kijijini Kanama hata leo. Usinicheke, msomaji wangu. Wengine hukumbuka manukato ya mama zao. Mimi nakumbuka mazuti.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa tumerudi karibuni kutoka uhamishoni Karagwe, Kiswahili changu kimenyooka, Kinyarwanda changu kinachechemea. Mama mdogo Vestine, aliyerudi kutoka Masisi, ng'ambo ya mpaka mwingine, alikuwa ameshirikiana na wanawake watatu kununua mashine kuukuu ya kusaga, ili watu wa vilimani wasihangaike tena na mizigo hadi mashine za mjini, Mbugangari. Mashine ilikohoa kama mzee mvuta tumbaku, lakini ilisaga. Kando yake mama mdogo aliweka chungu kikubwa cha udongo, kimejaa uji. Kila mtoto aliyefika na mzigo kichwani alikunywa kwanza, bure, kabla mfuko haujafunguliwa.

Wenzake waliuvumilia uji huo wa bure, kisha wakachoka. Jioni moja wakaja kumwambia kwamba watajitoa, na wakijitoa mashine itauzwa. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikilamba mwiko. Aliyesema ni Mama Zawadi, mwenye sauti ya kupasua mbao.

"Vestine, we ni dada yetu, lakini tuseme kweli. Kazi iko, watu iko. Bon, inyungu iko wapi?"

Nilimpenda mno mama mdogo, na swali lenyewe nililiona rahisi, nikataka kumjibia. Kwetu Karagwe nyungu ni chungu cha udongo. Ningejuaje kwamba kwa Kinyarwanda inyungu ni faida? Nikaingia jikoni, nikakumbatia kile chungu, kilichorudishwa ndani jioni na ukoko wake wa uji, nikakiburuta hadi katikati yao.

"Hii hapa," nikasema.

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mama mdogo hakucheka.

"Mutoto amesema," akajibu polepole. "Kule Masisi nilikuwa nabeba muzigo na njaa, niko mudogo kama huyu. Siku moja nikaanguka, unga ya mama yote ikamwangika. Hii mashine niliitafuta sababu ya ile siku."

Mtoto wa Mama Zawadi, aliyesikia chungu kikiburutwa, akatokea na kikombe chake mkononi. Mama yake akamtazama. Kisha akachukua mwiko wangu, akaanza kumkwangulia ukoko.

Hakuna aliyejitoa. Tangu hapo kila aliyesaga aliacha konzi ya unga kwa ajili ya uji, na mashine ikaendelea kukohoa miaka mingi.

Nilizoea kusimulia kisa hiki nikijicheka kwa Kinyarwanda changu kibovu. Siku hizi wageni hunijia na swali lilelile: mama yako mdogo alipata faida gani pale? Kinyarwanda sasa nakijua vizuri, na bado ningewaburutia kile chungu.