Mjukuu Wangu Aniuliza Nilimpataje Mume Mpole

Wenye ukurasa huu, jina langu mlifiche, si kwa sababu naogopa mtu, ni kwa sababu mzee wangu bado anapumua. Nina miaka sabini na nane, niko upande wa Mwatate. Nilisoma mpaka darasa la nne, na haya nimeandika mwenyewe kwa kidole kimoja, siku tatu. Anayetaka kucheka maandishi yangu acheke, halafu asome.

Wanaomjua mume wangu wanamjua mzee wa kanisa mwenye mkono wa kulia uliokauka, anayenichotea maji mpaka majirani wananionea wivu. Hawamjui yule wa miaka ya sabini. Alianza kwa kuokota mipira kwenye uwanja wa tenisi wa mameneja wa shamba la mkonge. Wazungu wakamwachia raketi kuukuu, akawapiga wote. Klabu moja ya Mombasa ikamchukua alipwe kwa kucheza tenisi tu, afundishe wanachama na kwenda mashindano. Kijana wa Kitaita analipwa kwa kucheza mpira! Nilitembea Voi nzima kifua mbele. Zile nguo zake nyeupe nilizifua mimi na kuzitia buluu.

Kazi hiyo ilidumu mwaka mmoja. Na aliyeimaliza ni mimi.

Tulikuwa tumepanga chumba Voi, karibu na stesheni. Akishuka kwa treni ameshinda, alikuja akipiga mluzi, na mkate kwapani. Akishindwa alikuja kimya. Nisiposikia mluzi niliwapeleka watoto kwa jirani kisha nikarudi haraka, maana asiponikuta ilikuwa mbaya zaidi.

"Mama Mwakio, simama hapo mlangoni," anasema. "Nikuonyeshe mpira nilioukosa."

Basi anavuta raketi nyuma na kunipiga vile angeupiga ule mpira. Akikosa mitano kule, nimepigwa mitano hapa, na kila pigo lina maelezo yake: huu ungepita juu ya wavu, huu ungemmaliza yule jamaa. Meno mawili yaling'oka hivyo. Ubavu mmoja ukavunjika. Halafu akashindwa Nairobi, mechi aliyokuwa ameahidi watu, na mimi nina mimba ya miezi sita. Pigo la tatu lilitua tumboni. Mtoto alitoka kesho yake, wa kiume. Mama mkwe akaniambia, "Vumilia mwanangu, mwenzio ana mawazo ya kazi." Mawazo!

Nilivumilia wiki tatu. Jumapili moja mchana, watu wako kanisani, yeye amekunywa denge, pombe yetu ya miwa, amelala mkekani na mkono wa kulia ameutupa kando. Zamani raketi zilikuwa za mbao, na ili zisipinde zilibanwa ndani ya fremu ya mbao yenye skrubu nne za kukaza kwa vidole. Nikatoa raketi. Nikaweka mkono wake. Nikakaza ya kwanza, ya pili, bado anakoroma. Ya tatu akaamka. Nikaikalia ile fremu na uzito wangu wote. Akanipiga kwa mkono wa kushoto, lakini wa kushoto haukuwa umefundishwa.

"Mama Mwakio, mkono! Nitacheza na nini?"

"Tulia," nikamwambia. "Nikuonyeshe mpira ulioukosa."

Nikakaza ya nne. Vidole vililia kama kuni kavu. Msiniulize nililalaje siku hiyo. Nililala vizuri.

Hospitali alisema mlango wa nyuma wa lori la mkonge ndio ulimbana. Angesema ni mke? Klabu wakamwachisha kazi. Tangu siku hiyo hajaniinulia hata sauti. Mwanzoni ilikuwa hofu, nilijua. Baadaye haikuwa hofu tena, na hilo pia nalijua. Nimempenda. Shangaeni.

Sasa mjukuu wetu, tumwite Wakesho, si jina lake, kama Mama Mwakio lisivyo langu. Anafundisha tenisi hotelini huko pwani, ameolewa na kocha mwenzake. Mwezi uliopita alikuja, amevaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Nikamvua. Jicho limefunga.

"Nyanya, ni mimi nina mdomo," akasema. "Tazama babu. Wewe ulimpataje mume mpole hivi?"

Babu yake alikuwa hapo hapo, kikombe mkono wa kushoto, akaangalia ndani ya chai. Na mimi, mimi nisiyejua kunyamaza, nikanyamaza. Wakesho akarudi kwa mumewe.

Nilipotaka kumpigia simu, mzee akalia. "Mama Mwakio, kifua changu unakijua. Nizike kwanza, halafu mwambie. Sina kitu kingine ila vile watoto hawa wananiona." Na ni kweli hata yeye hajawahi kunitaja kwa mtu. Lakini nikingoja kaburi lake, la Wakesho linaweza kulitangulia.

Msiniandikie nikaombe, naomba tangu mama zenu hawajazaliwa. Wala sitaki Wakesho avunje mkono wa mtu. Nataka aondoke kabla hajazika mtoto kama mimi. Na hataondoka akiamini upole wa babu yake ulishuka kutoka mbinguni.

Jumapili anakuja kula, na huyo mume wake anakuja naye. Fremu bado iko uvunguni. Skrubu tatu zimeshika kutu, moja bado inazunguka, nilijaribu jana. Niiweke mezani nisimulie mbele ya wote watatu, nimuue mzee kwa aibu? Au ninyamaze, nimpakulie yule kijana nyama? Nishaurini, na mjibu kabla ya Jumapili.