Somo la Cheche

Kwa miaka thelathini na moja, karibu kila aliyetaka kuwa fundi umeme wa magari mjini Bukoba alipitia mikononi mwa Muksini, pale Rwamishenye, kwenye gereji ya mabati nyuma ya maduka. Walimwita Mwalimu, ingawa shule yenyewe aliiachia darasa la saba. Somo lake la kwanza halikuhitaji daftari. Alichukua kipande cha waya, akakikwaruza kwenye vichwa viwili vya betri, cheche ikaruka, naye akauliza, "Umeona nini?" Cheche nyeupe yenye mlio mkali, betri nzima. Nyekundu iliyolegea, betri inakufa. Isiporuka kitu, tupa. Kipimo cha dukani alikuwa nacho, lakini kilikaa kwenye droo kikila vumbi.

Somo la pili lilikuwa la mdomo, na hilo alilipenda zaidi. Kila gari jipya lilikuja na stika za kukataza: usifungue, usiguse, peleka kwa wakala. "Wanawatisha hao," aliwaambia wanafunzi wake. "Anayekutisha anataka kazi yako. Fundi anayeogopa umeme akapalilie migomba." Na kusema haki, kwa miaka yote hiyo alikuwa sahihi. Walifungua kila kilichokatazwa kufunguliwa, magari yakatembea, na mawakala wakabaki huko huko Dar es Salaam na stika zao.

Msimu wa kahawa ulipoanza mwaka huu, kampuni moja ya ng'ambo inayounda magari ilileta pikapu ya umeme kwa majaribio, na kikundi cha wakulima wa Izigo kikabahatika kuipata. Haikuwa na injini, haikuwa na tangi, haikuwa na bomba la moshi. Watengenezaji huko kwao walishatangaza kwamba wako tayari kuachana na injini moja kwa moja. Tayari kwa lipi, hawakusema. Kuunda walikuwa tayari, hilo halina ubishi, na kuuza walikuwa tayari zaidi.

Kabla ya kuikabidhi, mafundi waliitwa kwenye ukumbi mmoja mjini, wakapewa chai, sambusa na kofia. Aliyewafundisha alikuwa mhandisi kutoka Dar es Salaam, Nancy, binti mpole aliyejua anachokisema na aliyepewa saa mbili tu za kukisema. Nusu ya walioalikwa hawakuja. Waliokuja wengi walikuwa wakipiga picha na kofia zao.

Wakati wa chai Muksini alitoka nje, akalizunguka gari, akalala chali na kuingia chini yake. Aliona kasha pana la chuma, nyaya nene za rangi ya chungwa, na stika za manjano zenye maandishi asiyoweza kuyasoma. Akatabasamu. Akatoa kipande chake cha waya mfukoni na bisibisi, aanze kulegeza kifuniko.

Mtu akamshika mguu na kumburuta nje.

"Shikamoo, baba. Usirudi huko," Nancy alisema, akijipangusa uso.

"Marahaba. Mbona umetoka jasho, mwanangu?"

"Betri uliyozoea ni volti kumi na mbili. Hii ni mia nne. Hata gari likizimwa, ndani ya hilo kasha umeme upo. Ukigusa haukurushi, unakushika. Na ukiunganisha vichwa vyake kwa waya huo, hiyo si cheche tena, ni mlipuko usoni."

Muksini alikaa kwenye nyasi. Aliurudisha ule waya mfukoni, akauliza, "Na likiharibika kule Izigo?"

"Watupigie simu."

"Mtakuja lini?"

Nancy aligeuka kuangalia mlango wa ukumbi, halafu akasema ukweli, na Muksini alimpenda kwa hilo. "Kampuni yetu ina mafundi wanne tu, baba, kwa nchi nzima. Mabosi wanasema tuko tayari. Mimi nimeshawaandikia kwamba hatuko tayari." Akafungua boneti na kumwonyesha betri ndogo, ya kawaida kabisa, iliyokaa pembeni. "Mara nyingi gari likigoma kuwaka ni hii tu imeisha. Hii ya volti kumi na mbili hata wewe unaiweza. Ile ya chini waachie wenyewe."

Muksini alirudi Rwamishenye kwa miguu, na njiani alikuwa akiwahesabu wanafunzi wake. Walifika thelathini na wanne, kutoka Kibeta mpaka Muleba, kila mmoja na kipande chake cha waya mfukoni. Muksini hakuwahi kuogopa umeme maishani. Siku hiyo aliogopa, tena aliogopa vibaya, kwa sababu mikono aliyoiogopea haikuwa yake.

Akaanza kuwazungukia. Aliwakuta chini ya magari yao, akawaeleza habari za lile kasha na ile betri ndogo, wakamsikiliza kwa heshima na kumpa kigoda. Wakishaitikia "sawa, Mwalimu," walitazamana. Privatus wa Kibeta alimuuliza kama kampuni imemwajiri. Muksini alimtukana, jambo ambalo halikusaidia.

Wa mwisho alikuwa Kahigi, huko Muleba, aliyekaa naye miaka saba na aliyempenda kuliko wote. Muksini ni Mwislamu na Kahigi Mlutheri, lakini siku ya harusi kanisani Kahigi alimkalisha Mwalimu kiti cha mbele pamoja na wazazi, na mkewe, Kokuhirwa, hajawahi kumwita Muksini jina jingine zaidi ya Tata, yaani baba. Gereji ya Kahigi ilikuwa imechangamka, na mwenye gereji alikuwa amenenepa kidogo.

"Izigo iko karibu na kwangu kuliko kwako," Kahigi alisema akicheka. "Hiyo pikapu ikiharibika, wataniita mimi. Ndicho kinachokuuma, Mwalimu?"

"Nakuomba, Kahigi. Usilifungue lile kasha. Nakuomba kama mwanangu."

"Anayekutisha anataka kazi yako. Nani alinifundisha?"

Muksini alimwona mwanafunzi wake bora akijipiga mfuko wa shati, palipokaa waya, na kumkonyeza. Alirudi Bukoba, na wiki mbili zilizofuata kila simu ilipolia alishtuka.

Simu yenyewe ililia Jumanne, saa nne asubuhi. Alikuwa Rutashobya, mwenyekiti wa kikundi cha Izigo, akimwita kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu Mwalimu, pikapu imegoma tangu jana. Kampuni wanasema fundi atafika baada ya siku tisa, na kahawa imejaa ghalani. Tumempata Kahigi. Yuko chini tangu saa tatu, ameshatoa kifuniko. Anauliza kama unayo ile spana ndefu ya—"

"Amefungua nini?"

"Lile kasha la chini."

"Mtoe! Rutashobya, mtoe hapo sasa hivi! Mvute miguu! Hajaangalia betri ndogo?"

Aliisikia simu ikitembezwa uwanjani, akasikia Rutashobya akiinama na kusema, "Mwalimu anasema utoke, anauliza betri ndogo." Halafu akasikia kicheko anachokijua, na sauti ya Kahigi kutoka chini ya chuma: "Kale kabetri kataendesha gari gani? Mwambie Mwalimu kazi hii nimeshaipata mimi."

Simu ikakatika.

Alipiga tena na tena haikupokelewa. Aliwasha gari lake bovu akashika njia ya Muleba, akapita Kemondo bila kupunguza mwendo, huku akimwomba Mungu na kumtukana Kahigi kwa pumzi moja. Mbele ya nyumba za barabarani kahawa ilikuwa imeanikwa kama siku zote. Watu walimpungia mkono, hakuwaona.

Uwanja wa ghala ulikuwa na watu wengi, na hakuna aliyekuwa akiongea. Wanaume walikuwa wamevua kofia. Rutashobya alikuwa amekaa chini, ameshika kiatu kimoja. Kahigi walikuwa wamemkimbiza zahanati, lakini kila mtu pale alijua walimpeleka ili wasije kuulizwa kwa nini hawakumpeleka. Chini ya pikapu majani yalikuwa meusi, na kipande cha waya kilikuwa kimeyeyuka na kuganda kwenye jiwe.

Muksini alifungua boneti. Alitoa waya wake na kuukwaruza kwenye vichwa vya betri ndogo. Cheche ilikuwa nyekundu, imelegea. Betri ndogo ilikuwa imekufa. Kahigi angeiazimia umeme kutoka gari lolote lililopita barabarani, pikapu ingewaka, na saa hizi angekuwa nyumbani anakula. Muksini alilia pale pale mbele ya watu, na hakujificha.

Walimzika Alhamisi kwenye kibanja cha baba yake. Mafundi walikuja wengi, wakasimama kwa mstari kando ya migomba, na baadhi yao walivaa zile kofia za kampuni, maana ndizo zilizokuwa mpya. Ilisemekana kampuni imetuma rambirambi, na kwamba pikapu nyingine kumi zilikuwa njiani.

Mchungaji alipomaliza, Kokuhirwa alimfuata Muksini. Hakuwa akilia tena.

"Tata, watu wanasema alikosea. Niambie wewe. Alikosea wapi?"

"Hakukosea," Muksini alisema. "Alifanya kama nilivyomfundisha."

Kokuhirwa aligeuka kuutazama ule mstari wa mafundi. "Basi waambie hawa wengine."

"Nimeshawaambia. Hawaniamini. Hilo nalo niliwafundisha mimi."