Matofali ya Risasi

Shemeji yangu alikuwa fundi bomba enzi ambazo bomba lilikuwa la risasi, madini mazito yanayokunjwa kwa subira. Leo ni plastiki tupu. Likipasuka linatupwa, na fundi naye anatupwa nalo. Mabomba aliyong'oa kwenye majumba ya kale aliyarundika uani, dada yangu akalalamika mpaka akachoka.

Binti yao anafanya kazi maabara, katika chumba cha chini ya ardhi. Siku moja alikuja kuliomba lile rundo.

"Mmeanza kuuza vyuma chakavu huko?" baba yake alimchokoza.

"Baba, ulimwengu umejaa kitu tusichokiona. Tunajua kipo kwa sababu uzito wake unavuta nyota. Kama kinagusana na atomu zetu kwa nguvu nyingine, hatujui. Huenda kuna chembe ya katikati, kama mshenga, inayofahamiana na pande zote mbili."

"Mshenga hajaonekana, nyie mmeshatandika mkeka!"

"Ndiyo, tunamsubiri abishe hodi."

Akaeleza kuwa wanachosubiri ni atomu moja kutikisika ndani ya chombo chake. Risasi mpya ina mionzi inayovuruga usikivu. Ya zamani imeshatulia, nayo ikipangwa kuzunguka chombo inazuia mionzi ya nje, ambayo wao huiita kelele. Hawakuipata kwingine. Bila hiyo, utafiti wake ungefungwa.

Shemeji akayeyusha mabomba, akatengeneza matofali. Binti alipokuja kuyachukua, alipapasa moja, akasita.

"Hapa umeziba na nini?"

"Lilitoka na vishimo. Nikajazia risasi ya dukani. Nimpe mwanangu kazi yenye mashimo?"

Binti akamweleza. Viraka vile vya risasi mpya vingepiga kelele kuliko kuta zote za maabara. Mafundi wa leo wangeacha mashimo wazi, na kwa uvivu wao wangepatia. Hilo ndilo linaloniuma.

Shemeji hakubisha. Alichukua patasi, akachimba kila kiraka hadi akavuka na kuingia kwenye risasi ya kale, mashimo yakawa makubwa kuliko mwanzo. Hakuwahi kutoa kazi ya namna ile. Matofali yalipopakiwa garini aligeukia ukutani asiyaone.

"Tutayapanga mashimo yasikutane, baba. Yanatosha."

"Sawa. Ila usiwaambie nani kayatengeneza."

"Nimeshawaambia."

"Mtoto huna adabu wewe," alisema, akaenda kumsaidia kufunga turubai.