Maharage ya Pembeni mwa Uwanja

Mwezi wa sita nilirudi Sumbawanga kwenye msiba wa jirani yetu wa zamani. Tulikaa uani tumejifunga mablanketi, upepo ukishuka kutoka milima ya Mbizi na kupita katikati yetu kama mtu asiye na adabu, na mama mmoja akanitambulisha kwa kijana aliyeketi karibu na moto.

"Huyu ni mjukuu wa kocha."

Kijana alikuwa mwalimu kwenye chuo cha ualimu kilicho njia ya Mollo. "Kocha wa nini?" akauliza. Nikamwambia wa mpira, wa chuo chenu. Akacheka kidogo, akidhani namtania. "Dada, sisi hatuna hata uwanja."

Sikumweleza. Msibani mtu hasimulii msiba mwingine. Wewe nitakusimulia.

Nilikulia kwa Babu na Bibi, jirani kabisa na uwanja huo ambao kijana hajausikia. Utoto wangu una harufu ya ugali wa ulezi, moshi wa kuni mbichi, na migebuka mikavu, samaki wa ziwani, iliyopanda kutoka Kasanga ikiwa imefungwa kwenye magunia. Asubuhi tulichota maji, mikono ikifa ganzi kwa baridi. Jioni tulisikia filimbi, kisha kishindo cha mpira, kisha watu wakilaumiana.

Kulaumiana ndiko kulikokuwa kwingi. Timu ya chuo ilikuwa imeshika mkia misimu mfululizo, hata sisi watoto tuliizomea. Lakini zamani, kabla sijazaliwa, timu hiyohiyo ilifundishwa na Babu na iliogopwa Rukwa nzima. Nilipokuwa darasa la nne, mkuu wa chuo alikuja nyumbani kumwomba arudi. Alikunywa chai, akasema bila kuzunguka:

"Mzee wangu, ikishika mkia na mwaka huu, naivunja."

"Haitashika," Babu akajibu.

Mgeni alipoondoka, Bibi alikusanya vikombe taratibu. "Wanakuita ukaikande maiti," akasema.

Babu hakuanza na mpira. Alianza na majembe. Kwetu Ufipa, mvua zikielekea ukingoni na majani yakiwa bado mabichi, watu hupindua udongo na kuyafunika majani hayo ndani ya tuta la mviringo. Tuta hilo tunaliita intumba. Majani yanaoza humo ndani, maharage yanapandwa juu, na msimu unaofuata matuta yanatawanywa, shamba zima linakuwa limeshiba. Ni kazi ya kuinama, na ni kazi ya mstari: watu husonga pamoja, na mmoja akibaki nyuma, jirani yake humpokea ili mstari usikatike. Babu aliamini kwamba hakuna namna nyingine ya kumfundisha mtu kuwa beki. Vijana wake wa zamani walitoka Mpui na vijiji vya huko, wakafika chuoni migongo yao ikiijua kazi hiyo tangu utotoni. Yeye aliwaongezea mpira tu.

Sasa vijana walikuwa wengine. Babu aliwapanga kwenye kipande cha ardhi kilichoambaa na uwanja, kila mmoja na jembe lake, na sisi watoto wa mtaa tukajaa juu ya kingo kutazama. Mshambuliaji alikuwa mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukuma. Alilitazama jembe kama vile amepewa kijiko akaambiwa achimbe kisima.

"Kocha, kwetu kazi hii tunawaachia ng'ombe."

"Basi kamlete huyo ng'ombe, tumsajili. Huenda akafunga goli, maana wewe hujafunga."

Wenzake wakaangua kicheko. Kipa, kijana wa mjini mwenye nywele zilizochongwa vizuri, akajaribu bahati yake. "Mzee, mi ni kipa. Kipa anaruka, halimi."

"Anayeruka huanza kwa kuinama. Inama, mshikaji."

Neno hilo la vijana, likitoka kwenye kinywa cha Babu chenye lafudhi nzito ya Kifipa, lilitumaliza kabisa. Tulicheka hadi tukashikilia mbavu. Siku hiyo hata mimi niliamini.

Tukalima, nasema tukalima kwa sababu mtaa mzima ulihesabu kazi ile kuwa yake. Bibi alipika uji wa ulezi kwa sufuria kubwa, akiapa kwamba anapika kwa huruma tu. Maharage yakapandwa. Ligi ikaanza, tukafungwa. Tukafungwa tena. Halafu ikaja mechi moja ambayo mabeki walisimama sawasawa na alivyotaka Babu, mstari haukukatika, na ikaisha sare. Jioni hiyo Babu alikula akiimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili, na Bibi akamwongezea kipande cha mgebuka.

Wiki iliyofuata wanachuo walipelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Nusu ya mabeki wakatawanywa kwenye shule za vijijini, na mstari ukafa. Babu akaingiza wengine ambao hawakuwahi kushika jembe pamoja. Mashabiki wa timu ngeni walikuwa wameshapata habari za matuta, basi walikuja wakiimba, "Wakulima! Wakulima! Magoli hayaoti!" Nilitamani ardhi inimeze. Babu alisimama palepale pembeni, koti limefungwa hadi shingoni, kama hakusikia.

Maharage, hayo yalistawi. Sijaona tena maharage ya namna ile. Majani yalifunika matuta, maganda yakaning'inia mazito, wapita njia wakawa wanasimama. Jioni moja Babu aliingia jikoni amechangamka. Mkuu wa chuo alikuwa amekuja mazoezini.

"Amefurahi sana," akasema. "Ameuliza kila kitu. Udongo, majani, namna ya kupanga. Nimemzungusha mwanzo hadi mwisho."

Bibi aliacha kusonga ugali. "Ameuliza habari za wachezaji?"

"Ameuliza habari za matuta."

"Na wewe ukamwonyesha."

"Nimemwonyesha. Kwa nini nisimwonyeshe?"

"Ee mzee," Bibi akasema, akaurudia mwiko wake. "Umemwonyesha."

Babu alikaa kwenye kigoda, na niliona namna uso wake ulivyoanza kuelewa, polepole, kama maji yanavyoingia kwenye kitambaa. Chuo kilikuwa kinanunua maharage ya kuwalisha wanachuo kila muhula. Na sasa mkuu alijua kwamba ardhi ya uwanja wenyewe, pale wachezaji walipokuwa wakikimbia bure, inaweza kulisha chuo kizima.

Mechi ya mwisho tulihitaji kushinda ili tusishike mkia. Wageni walitoka Matai. Kipa wetu aliruka siku hiyo kuliko siku zote, na mtoto wa wafugaji aligongesha mpira kwenye mwamba wa goli, tukapiga yowe, tukanyamaza. Wakatufunga jua likishuka, kwa kona ambayo hakuna beki aliyemwangalia mwenzake.

Mvua zilizofuata, mkuu wa chuo alimwita Babu tena, safari hii asimamie kilimo cha uwanja, kwa kuwa hapakuwa na anayeyajua matuta kama yeye. Bibi alimkataza. Babu alivaa koti lake akaenda. Tulimwona akiwapanga wanachuo kwenye mstari, akimkemea yeyote aliyebaki nyuma, kwa maneno yaleyale, kwa sauti ileile. Alianzia golini. Alisema pale udongo ulipokanyagwa zaidi, ndipo panapohitaji kupumzishwa kwanza.

Hakutaja mpira tena hadi tulipomzika. Filimbi ya jioni ilikoma, na watoto waliokuja baada yetu walijua pale ni shamba, kama unavyojua kuwa mto ni mto. Siwezi hata kumlaumu mkuu wa chuo. Wanachuo walikuwa na njaa kweli. Maharage yalitoka mengi, tukaletewa gunia kama shukrani, na Bibi akayapika kwa kitunguu na karanga za kutwanga. Babu alikula, akaomba aongezewe.

Yalikuwa matamu. Ningependa niseme yalikuwa machungu, lakini yalikuwa matamu sana.