Mchele wa Kutafuna

Fundi viatu alikuwa hajawahi kununua hata kibaba cha maharage. Hiyo ilikuwa kazi ya mkewe. Basi binti yao alipojifungua mapacha huko mji wa mbali na mama akaenda kumlea, jiko lilimwangukia fundi kama mzigo usio na kata.

Kwanza alikimbilia vya bei rahisi. Maharage yakachemka tangu adhuhuri mpaka jua likazama, na bado yakagonga meno. Akasema rahisi huzaa ghali. Akaingia duka kubwa la vioo, akachukua mchele wa pakiti inayong'aa, bei yake karibu mara mbili ya wa sokoni. Alipika wali, akapakua uji.

Akampigia mkewe.

"Baba watoto, kwani unakula pakiti?" mkewe alisema, kichanga kimoja kikilia karibu na simu. "Huo ni mchele mpya, umeuzidishia maji. Nenda sokoni, tafuna punje. Ikilia kwenye jino, ni mkavu, nunua. Na maharage yaliyofifia rangi ni ya zamani, hayaivi hata uyabembeleze."

Fundi akatafuna. Akatafuna sana hadi muuza nafaka akambandika jina, Bwana Panya. Lakini kila Jumamosi alisimama mbele ya magunia, simu sikioni, akimuuliza mkewe achukue upi.

Siku moja muuza nafaka akachoka. "Shemeji, majuzi si ulimfundisha mteja wangu kuchagua? Leo unauliza tena?"

Simu ilikuwa hewani. Mkewe alisikia.

"Kumbe unajua," alisema.

"Najua."

"Sasa unaniuliza nini?"

Fundi alichota maharage, akayaachia yateleze vidoleni. "Nyumba imenipwaya, mama watoto."

"Hata mimi," mkewe akasema. "Huku mchele ni mzuri, bei yake haishikiki, lakini haushuki kooni. Ila hawa mapacha hata shingo hazijakaza. Nitamwachaje binti yetu peke yake nao?"

"Usimwache."

Akanunua mchele wa bei ya kati, akaenda kuupika. Ukatoka punje moja moja, harufu ikajaa ua mzima. Fundi akala taratibu. Hakuwahi kupika wali mtamu kama ule, na hakuwa na wa kumwambia aonje.