Anasalimia Kabla ya Kuokoa

Nilisikia sauti kabla sijaona chochote. Ilitoka nyuma ya banda la ng'ombe, asubuhi moja ya Agosti ambapo ukungu wa Karatu ulikuwa umemeza banda lenyewe, ng'ombe, na nusu ya ua. Ilikuwa sauti nene, ya taratibu, inayopanda na kushuka kama ya katekista anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza.

“Daraja la kwanza, milipuko. Daraja la pili, gesi. Daraja la tatu, vimiminika vinavyowaka. Daraja la nne…”

Kikohozi kidogo.

“Daraja la nne…”

“Vitu vikavu vinavyowaka!” mama alimpazia sauti kutoka jikoni. “Tangu juzi unakwama hapo hapo. Ng'ombe ameshalijua.”

Nilikuwa nimefika jioni iliyotangulia kutoka Dar es Salaam, nikiwa na begi moja na riwaya iliyokwama ukurasa wa tisini. Kwenye vikao vyetu vya waandishi kule mjini nilikuwa nimetangaza, kwa unyenyekevu wa uongo, kwamba narudi nyumbani kutafuta utulivu. Nilitegemea ndege, majani ya mbaazi, na harufu ya moshi wa kuni. Sikutegemea kemia.

Baba yangu ameendesha malori tangu kabla sijazaliwa. Alianza kama utingo, akapanda hadi kwenye usukani, na kwa miaka mingi sasa anapeleka dizeli kwenye hoteli za ukingoni mwa kreta, kisha anashuka nayo upande wa pili hadi Malambo, ambako barabara ni maoni tu ya gari lililotangulia. Hajawahi kupindua gari wala kumgonga mtu, hata mbuzi. Ila mwaka huo kampuni yao ilitangaza kwamba hakuna atakayegusa lori la mafuta bila cheti cha mafunzo ya kubeba mizigo ya hatari. Baba alienda darasani wiki mbili, akafaulu mtihani wa karatasi, akafeli wa vitendo. Alibakiziwa nafasi moja tu. Akifeli tena, lori lake lingepewa dereva mwingine, naye angepewa kazi ya kulinda geti la yadi, akiwafungulia wenzake wakitoka na kuwafungia wakirudi.

Kwa hiyo alikuwa nyumbani wiki ya sita, na nyumba ilikuwa haitoshi.

“Kwani ulifeli nini, baba?” nilimuuliza wakati wa chai.

Alipaka siagi kwenye kiazi kwa umakini wa daktari. Mama ndiye aliyeinuka, akachomoa karatasi kutoka nyuma ya kalenda ya parokia, akaniwekea mbele. Chini kabisa, kwa mwandiko mzuri wa mviringo, mkufunzi alikuwa ameandika makosa mawili. La kwanza: badala ya pembetatu nyekundu, mtahiniwa alikata matawi na kuyatandaza barabarani. La pili lilikuwa maneno manne: *Anasalimia kabla ya kuokoa.*

Nilisoma mara mbili. Katika maisha yangu ya uandishi sijawahi kumchora mtu kwa maneno manne namna hiyo, na nilimwonea wivu mkufunzi papo hapo.

“Matawi nimeshayaacha,” baba alisema. “Pembetatu nimezielewa.”

“Na salamu?”

“Salamu ni salamu, mwanangu.”

Ilikuwa hivi. Kwenye mtihani, lori linachukuliwa kuwa limevuja. Dereva anazima injini, anakata umeme wa betri, anaweka kabari kwenye tairi, anapanga pembetatu, anapima upepo, kisha anawazuia watu wasisogee. Kuwazuia kunatakiwa kufanywa kwa amri fupi na ya wazi: Simama! Rudi nyuma! Mafuta! Mwenzake wa darasani aliigiza mwanakijiji mwenye ndoo, akaja, akasema shikamoo, na baba akaitikia. Akamuuliza habari za nyumbani. Akamuuliza kama mvua zimegusa kwao. Walipofika kwenye afya ya mama mkwe, saa ya mkufunzi ililia, na kwa hesabu ya karatasi watu wote wawili walikuwa wameshaungua.

Basi tukaanza kumfundisha baba utovu wa adabu.

Tulitumia ua. Toroli lilikuwa lori, sufuria iliyopinduliwa ilikuwa mfuniko wa tangi, mama alikuwa mtahini mkuu kutoka dirisha la jikoni, na mimi nilikuwa umati. Nilitoka nyuma ya banda na dumu la njano mkononi.

“Shikamoo, baba!”

“Marahaba, mwanangu, umeamkaje?”

“Mmekufa,” mama alisema dirishani, bila kuacha kuchambua maharage. “Rudieni.”

Nilirudi nyuma ya banda. Nilitoka tena.

“Shikamoo, baba!”

Nilimwona akikaza taya. Mishipa ya shingo ilisimama. Alinyanyua mkono, akafungua kinywa, na kutoka ndani yake kikatoka kitu kidogo kama mlio wa bawaba isiyotiwa mafuta.

“Marahaba. Simama hapo. Tafadhali.”

“Mmeungua kidogo,” mama alisema. “Afadhali.”

Tulirudia kutwa nzima. Jirani aliyekuja kuazima shoka alimkuta baba akifoka “Rudi nyuma!” akarudi nyuma kweli, hadi kwao, na ikabidi mama apeleke shoka mwenyewe pamoja na maelezo. Jioni mama aliegemea mlango, akamtazama mumewe aliyekuwa amekaa kwenye toroli na sauti imemkauka. “Miaka yote hii hajawahi kunipandishia sauti,” aliniambia. “Sasa anajifunza uzeeni, tena mwanangu mwenyewe ndiye mwalimu.”

Usiku ule riwaya yangu haikusogea hata sentensi moja.

“Hicho kitabu chako,” baba aliniuliza asubuhi, “kingekuwa mzigo, kingekuwa daraja la ngapi?”

“La tatu,” nilisema kwa majivuno. “Kinawaka.”

Alifikiri. “Mimi nakiona la tisa. Hatari nyinginezo.”

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Uwanja ulikuwa nje ya mji, kando ya njia ya kwenda Mang'ola, kipande cha ardhi nyekundu iliyokauka hadi ikapasuka kama kisigino. Upande mmoja kulikuwa na shamba la mahindi yaliyokwisha kuvunwa, mabua tu yamebaki. Upepo ulikuwa unapiga, na vumbi lilikuwa limeshatupaka sote rangi moja. Mkufunzi alikuwa binti wa umri wangu, ametoka Arusha, amevaa koti la kung'aa na ana ubao wa kuandikia kifuani. Alimpa baba mkono kwa heshima.

“Shikamoo, mzee wangu. Hii ni ya sasa hivi, kabla ya mtihani. Mtihani ukianza, mimi sikujui.”

“Marahaba, mwalimu. Nimeelewa.”

Lori lilikuwa la kweli, lenye bango la rangi ya machungwa na namba ya dizeli. Lakini ndani, kwa usalama, walikuwa wamejaza maji. Mkufunzi alifungua bomba la chini ili livuje ipasavyo, akarudi kando, akabonyeza saa.

Hapo ndipo kosa lilipokuwa, na nadhani ni mtu wa mjini tu anayeweza kulifanya. Pampu ya kisima cha kijiji cha jirani ilikuwa imeharibika tangu wiki iliyotangulia. Ilikuwa Agosti. Na yeye alikuwa amefungulia maji yakimwagika ardhini, mita chache kutoka njia ya punda.

Baba alianza vizuri. Alizima injini na kukata umeme wa betri. Aliweka kabari. Alipanga pembetatu moja nyuma na nyingine mbele, kwa hatua alizohesabu kwa sauti. Alichota vumbi, akaliachia, akatazama linakoelekea. Mkufunzi alikuwa anaweka alama za vema, moja baada ya nyingine, nami nilikuwa nimeshikilia ncha ya mtandio wangu kwa meno. Mwigizaji, kijana wa darasani mwenye ndoo tupu, alijiandaa kuja.

Hakupata nafasi. Nyuma yake walitokea wanawake wanane wa kweli, na punda sita wa kweli, na madumu yasiyohesabika.

“Maji!” alisema wa kwanza, na wote wakaongeza mwendo.

Nilimtazama mkufunzi. Alikuwa ameganda. Saa ilikuwa inakimbia mkononi mwake.

“Simama hapo!” baba alinguruma. Ilikuwa ile sauti ya uani, imeiva kabisa. “Rudi nyuma! Mafuta!”

Wanawake hawakusimama. Punda mmoja alikuwa amewatangulia wote, ameinamisha kichwa, anakunywa.

“Mafuta gani?” aliuliza bibi mmoja aliyekuwa mbele, mwembamba, shuka amefunga begani, dumu kila mkono. “Punda wangu anakunywa dizeli lini?”

“Huyu baba ana njama,” mwingine alisema. “Anataka kutuuzia.”

“Rudi nyuma!” baba alirudia.

Bibi alisimama, lakini si kwa kutii. Alimtazama kuanzia viatu hadi kofia. “We mtoto wa nani, unayewafokea watu hivyo?”

Ningeweza kupiga kelele kwamba ni mtihani. Nilijua pia kwamba nikifanya hivyo mtihani umekwisha, na cheti kimekwenda. Kilichonishika zaidi ni kitu kingine. Nilikuwa nawaangalia watu wenye madumu wakikimbilia lori linalovuja. Hilo ndilo jambo ambalo mafunzo yote yale yalikuwa yanaliogopa, na sasa lilikuwa linatokea mbele yetu, ila mafuta tu ndiyo hayakuwapo.

Baba alivua kofia. Nilifumba macho, maana nilijua kinachofuata.

Alimwamkia. Alimwamkia kwa Kiiraqw, kwa ule urefu wa kwetu, akimwendea taratibu kuelekea upande unakotoka upepo, mikono ameitandaza kana kwamba anakaribisha wageni harusini. Bibi akaitikia, hakuna namna ya kutoitikia. Na mtu anayeamkiwa na aliyemkaribia kiasi kile hawezi kumpita, ni aibu. Husimama, mwenye kumwamkia akizidi kusogea, naye hurudi hatua moja ili watazamane vizuri. Baba aliuliza habari za nyumbani, akasogea. Bibi akajibu, akarudi. Akauliza habari za watoto: hatua. Habari za ng'ombe: hatua mbili, maana mmoja alikuwa mgonjwa na alihitaji maelezo. Wanawake wengine hawakuweza kumpita mkubwa wao aliye katikati ya salamu, kwa hiyo wakarudi naye, na punda watano wakarudi nao. Walipofika kwenye mavuno, wote walikuwa nyuma ya pembetatu. Walipofika kwenye afya ya mama mkwe, walikuwa ndani ya mabua ya mahindi, mbali kabisa, upande salama wa upepo. Ndipo akawaambia, kwa sauti ya chini, kwamba siku lori la namna hii likimwaga kitu, wasilikimbilie hata kidogo, hata wakiona punda anakunywa.

Saa ililia.

Mkufunzi alitembea hadi kwenye mabua, akihesabu hatua kwa midomo.

“Mzee wangu,” alisema, “karatasi yangu inataka amri fupi na ya wazi.”

“Nilitoa, mwalimu. Uliisikia.”

“Niliisikia.”

“Nao waliisikia.”

Alitazama karatasi. Alimtazama bibi, ambaye sasa alikuwa anamweleza kijana mwenye ndoo habari za ng'ombe mgonjwa. “Hapa hakuna kisanduku cha shikamoo,” alisema, kama mtu anayeilaumu karatasi. Akaandika kitu kirefu pembeni. Kisha akainua kichwa. “Yule punda lakini lazima nimhesabu. Amekunywa.”

“Mhesabu,” baba alisema. “Haki yake.”

Cheti kilikuja siku tisa baadaye, ndani ya nailoni, pamoja na nakala ya karatasi ya mtihani. Amefaulu. Mwandiko ule ule wa mviringo: *Amesalimia, watu wote wamerudi nyuma. Waathirika: punda mmoja.* Mama aliibandika nyuma ya kalenda ya parokia, juu ya ile ya kwanza. Maji ya lori yote, nisisahau, waliyachota wale wanawake hadi tone la mwisho. Baba ndiye aliyewashikia bomba, na bibi alimwambia kwamba kwa mtu mwenye adabu kiasi kile, anapiga kelele vibaya sana.

Keshokutwa yake alipangiwa Malambo. Ukungu ulikuwa umerudi. Mama alimfungia viazi na chupa ya chai. Baba alizunguka jikoni akitafuta soksi, akatafuta kofia, akatafuta cheti kilichokuwa mfukoni mwake mwenyewe.

“Nenda basi,” mama alisema. “Tupumue.”

“Daraja la nne?” nilimuuliza mlangoni.

Alisimama. Alinitazama kwa uchungu wa kweli.

“Vitu vikavu,” mama alisema, akimsukuma mgongoni kwa kiganja kilichochelewa kidogo kutoka. “Vinavyowaka. Safari njema, baba watoto.”

Akatoka, na mama akaurudisha mlango nyuma yake, polepole, hadi komeo likaingia.